Gia Moja Inayobeba Mchezo Mzima

Anayebuni mchezo wa magari wa mezani huanza na kikwazo kikubwa: magari yake hayaendi. Kigari cha chuma kimetulia juu ya meza, mchezaji anakisogeza kwa mkono, kisha anakaa kungoja wenzake nao wasogeze vyao. Raha ya magari imo katika mbio, na katika ile hofu ya dereva anayehisi gari linaanza kumtoka mikononi. Mchezo wa zamu huua vyote viwili, usipotungwa kwa akili. Gaslands ni mchezo uliotungwa kwa akili, na nitajaribu kuonyesha jinsi kazi hiyo ilivyofanyika.

Mtunzi wake ni Mwingereza Mike Hutchinson. Kitabu cha kanuni kilichapishwa na Osprey Publishing mwaka 2017, na mwaka 2019 likatoka toleo lililopanuliwa, Gaslands: Refuelled. Kisa chake kinasimulia kwamba Dunia imeshindwa vita na Mirihi, na waliobaki katika uharibifu huo wanashindana kwa magari yenye silaha mbele ya kamera za televisheni. Mshindi hupata nafasi ya kuihama Dunia. Magari yenyewe hayauzwi na mchapishaji. Mchezaji anachukua vigari vya kawaida vya kuchezea, Hot Wheels au Matchbox, anavifungua, anavipaka matope na kutu, anavifunga bunduki za rashasha na vyuma vya kugongea.

Michezo ya namna hii ilikuwapo kabla. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Kimarekani ya Steve Jackson Games ilitoa Car Wars, na uliwapata wapenzi wengi. Magari yake yalikuwa vipande vidogo vya karatasi ngumu vilivyochorwa kwa mtazamo wa juu. Zamu moja iliwakilisha sekunde moja ya mapambano, na sekunde hiyo nayo ikakatwa vipande. Mchezaji alitazama jedwali kuona gari lenye mwendo wake linasogea katika kipande kipi na kwa umbali gani. Akikata kona kali, alikwenda kwenye jedwali la udhibiti. Likimshinda, alikwenda kwenye jedwali la ajali. Hesabu hizo zilikuwa za kweli na zenye heshima kwa fizikia, ila mapambano ya sekunde chache yaliweza kumaliza jioni nzima. Mwaka 1988 Games Workshop ya Uingereza ilijaribu njia yake kwa Dark Future, ikiwa na magari ya plastiki ndani ya boksi. Ulikuwa mchezo mzuri, lakini uliwafunga wachezaji kwa mtengenezaji mmoja: alipoacha kuutoa, magari mapya nayo yakakoma.

Hutchinson aliyaondoa majedwali ya mwendo, akaweka namba moja: gia. Kila gari lina dadu kando yake inayoonyesha gia liliyomo, kuanzia 1 hadi 6. Raundi nzima ina hatua sita. Katika hatua ya kwanza magari yote yanakwenda. Katika hatua ya pili yanakwenda yaliyo katika gia ya 2 au zaidi, ya tatu vivyo hivyo, hadi ya sita. Kwa hiyo gari lililo katika gia ya 5 linakwenda mara tano katika raundi moja, na lililo katika gia ya 1 linakwenda mara moja, kisha linabaki kutazama vumbi la wenzake. Hapo ndipo kasi ilipopatikana. Mchezaji mwenye gia kubwa ana zamu nyingi, anapiga risasi mara nyingi, na anayeachwa nyuma anauonja uchungu wa kuachwa nyuma papo hapo mezani.

Gia hiyo hiyo inafanya kazi ya pili. Gari husogezwa kwa violezo vya karatasi ngumu: vinyoofu vya urefu mbalimbali, vya kuchepuka kidogo, vya kona za kawaida, na vya kona kali zinazokaribia kurudi ulikotoka. Kila kiolezo kimeandikwa namba za gia zinazoruhusiwa kukitumia. Ukiwa na gia ya chini kona kali ni rahisi, lakini njia ndefu iliyonyooka huipati. Ukiwa na gia ya juu mambo yanageuka. Hakuna hesabu ya nguvu ya mzunguko wala jedwali la msuguano. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi imekwisha kusema kila kitu.

Kazi ya tatu ni kukwepa. Risasi hutupwa kwa dadu za kawaida: 4 au 5 ni pigo moja, 6 ni mapigo mawili. Anayeshambuliwa hutupa dadu za kukwepa sawa na gia yake, na kila 6 inafuta pigo moja. Nimepiga hesabu hii ili msomaji aone uzito wake. Bunduki ya rashasha hutupa dadu mbili, yaani wastani wa pigo moja na theluthi. Gari la gia ya 1 lina uwezekano wa asilimia 17 tu wa kufuta hata pigo moja. Gari la gia ya 5 linao wa asilimia 60. Kwenda kasi kumekuwa ngao, na mchezaji hahitaji kuambiwa aendeshe kwa fujo. Kanuni zenyewe zinamsukuma.

Ya nne ni kugongana. Magari mawili yakikutana uso kwa uso, gia zao zinajumlishwa, na jumla hiyo ndiyo idadi ya dadu za kugonga. Gia ya 5 ikikutana na ya 4, dadu ni 9, na wastani wa mapigo ni 6. Gari la kawaida katika mchezo huu lina uimara wa 10. Ajali moja tu na zaidi ya nusu ya gari imekwenda.

Namba moja, kazi nne. Kwa maoni yangu huu ndio ubunifu mkubwa zaidi katika kitabu chote, na bado haujakamilika mpaka tuone namna gia inavyopandishwa.

Mchezaji hawezi kubadili gia kwa kupenda tu. Baada ya kuchagua kiolezo, anaamua kama atatupa dadu za kuteleza. Idadi ya juu inategemea gari lake: gari la kawaida lina 3, lori lina 2, gari la mashindano lina 4. Anaweza kutupa pungufu, au asitupe kabisa. Dadu hizi zina alama nne: kubadili gia, kuzunguka, kuserereka, na hatari. Alama ya gia ndiyo tamu, kwa kuwa inaweza kubadili gia, au kufuta matokeo mabaya ya dadu nyingine, au kuondoa kete ya hatari iliyokwisha kurundikana kwenye gari. Alama moja, na mahitaji matatu yanaigombania. Asiyetaka kuteleza hatupi dadu, na asiyetupa dadu ana nafasi ndogo ya kupanda gia. Kasi haipatikani pasipo kuukaribisha msiba.

Kete za hatari hukusanywa wazi, kila mtu anaziona. Gari likifikisha kete 6, dereva ameshindwa kulimudu: huenda likabiringika, kete zote zinaondolewa, mpinzani analigeuza lielekee anakotaka yeye, na gia inarudi 1. Adhabu kali hapa ni muda. Gari lililokuwa na haki ya kwenda mara tano linapoteza hatua zote zilizobaki katika raundi hiyo, na raundi inayofuata linaanza kama gari bovu linalosukumwa. Kete zikiwa 5, meza nzima inakugeukia, maana kugongwa nako huongeza kete. Nimeona wachezaji wakiacha kumpiga risasi mpinzani na kumbana tu kando, wakijua kwamba kona inayofuata itammaliza.

Upande wa karakana una somo lake. Kampuni ya Lesney ya Uingereza ilianza kuuza Matchbox mwaka 1953, na Hot Wheels za Mattel zilikuja mwaka 1968. Tangu 1997 majina yote mawili yako mikononi mwa Mattel. Vigari hivi huitwa vya kipimo cha 1:64, ambamo mtu wa mita 1.75 hugeuka kuwa wa milimita 27. Kusema kweli kipimo hicho ni cha jina tu: watengenezaji huvipunguza ili vienee kwenye pakiti, kwa hiyo basi na kigari kidogo huweza kulingana urefu. Kanuni za Gaslands hazisumbuliwi na jambo hilo, kwa sababu umbali unatoka kwenye kiolezo na uimara unatoka kwenye karatasi ya gari. Mtunzi aliona udhaifu wa vifaa vyake, akatunga kanuni zisizouegemea.

Kufungua kigari, kigeuze chini. Bodi ya aloi ya zinki imeshikwa na chesisi kwa ribiti, mara nyingi mbili. Keekee ndogo inayozunguka polepole hula kichwa cha ribiti mpaka chesisi iachie. Ukitoboa kwa pupa utavunja nguzo iliyo ndani na hutakuwa na pa kurudishia. Kioo cha plastiki hutoka chenyewe, na mahali pake panafaa kipande cha wavu wa chuma. Piga msasa sehemu zote zitakazopokea gundi, kwa maana supa glue haishiki vizuri juu ya rangi laini ya kiwandani. Springi ya kalamu, mnyororo mwembamba wa mkufu uliokatika, vijiti vya plastiki: hivyo ndivyo silaha na ngao. Praima kwanza, rangi baadaye, kisha kipande cha sponji kilichochovywa rangi ya kahawia hugongwagongwa kwenye kingo na kuleta kutu inayosadikika.

Mambo mawili husahaulika. La kwanza ni magurudumu. Hot Wheels zilipata sifa mwaka 1968 kwa kuteleza kuliko washindani wao, na sifa hiyo ni kero mezani, kwa kuwa gari linaloguswa na kiolezo hukimbia mahali pake. Tone la gundi kwenye ekseli hutatua hilo. La pili ni umbo. Kiolezo huwekwa kwenye bampa ya mbele, na ukibandika jembe kubwa la chuma pale, kila kipimo kitaleta ubishi. Pamba juu na ubavuni, uache ncha za gari kama zilivyotoka kiwandani.

Mchezo una kasoro na ni haki kuzitaja. Ununuzi wa magari hufanywa kwa makopo ya petroli, na timu ya kawaida ni makopo 50. Gari la kawaida ni 12, bunduki ya rashasha ni 2. Bei hizo zinamruhusu mchezaji kuleta vigari vingi vya bei ndogo, na hapo hatua sita za raundi zinaanza kuburuta. Watu wanne wenye magari manne kila mmoja wanarudisha uzito ule ule ulioulemea mchezo wa Car Wars. Aliyeshindwa kulimudu gari lake mapema hukaa muda mrefu bila la kufanya. Na katika mbio, lango la kwanza la kupita huziba kwa mafungu ya magari yaliyogongana hata kabla ushindani haujachangamka.

Dawa ya kasoro hizo ni kupunguza idadi. Anzeni wawili, magari mawili au matatu kila upande, meza ya chakula inatosha. Violezo vimechapwa ndani ya kitabu, vinakiliwe kwenye karatasi ngumu. Kete za bao zinafaa kabisa kuhesabia hatari. Rangi na kutu vinaweza kungoja. Cheza kwanza na vigari kama vilivyotoka dukani, mpaka mkono uzoee kuuliza swali moja kila hatua: alama hii ya gia niitumie kupanda, au kujiokoa?