Maji Yasiyochemka

Mwani ninaousema si ule unaofungwa kwenye kamba na akina mama wa pwani. Ni wa chembe mojamoja, hauonekani bila hadubini, na ukivunwa kwa wingi unakuwa uji wa kijani mfano wa supu ya njegere. Hata ukichujwa, katika kila kilo ya uji huo mwani wenyewe ni gramu 100 hadi 200. Yaliyobaki ni maji. Kwa miaka mingi ulikaushwa kwanza, ndipo mafuta yakatolewa kwa kemikali, na ukaushaji huo ukala nishati nyingi mno.

Heko yangu nawapa walioacha kugombana na maji. Katika Maabara ya Kitaifa ya Pacific Northwest, mjini Richland, Marekani, Douglas Elliott na wenzake waliusukuma uji huo na maji yake yote kwenye mirija yenye joto la nyuzi 350, kwa mgandamizo wa karibu mara 200 ya ule wa hewa. Maji yaliyobanwa hivyo hayapati nafasi ya kuchemka. Yale yale ambayo jikoni hayapatani na mafuta, humo yanayayeyusha, na tena yanazivunjavunja protini na wanga ili navyo vigeuke mafuta. Yakipoa, uhasama wa zamani unarudi: mafuta ghafi meusi yanajitenga. Haiishi hata saa moja.

Mwaka 2013 walitangaza kwamba mtambo unakwenda mfululizo, uji ukiingia huku mafuta yakitoka. Fosfeti, ambayo ingeziba mirija, hunaswa njiani, na yaweza kurudishwa bwawani kuwa mbolea. Jambo hilo la fosfeti nalipenda kuliko mafuta yenyewe.

Chuo Kikuu cha Michigan nako, Phillip Savage na wanafunzi wake walikuwa wakiupika mwani kwa dakika 10 hadi 90, na walipofanikiwa sana nusu yake iligeuka mafuta. Mwaka 2012 walijaribu tena. Walichukua kiungio cha bomba la chuma, kidogo, cha kumeza mililita 1.5 tu, wakakijaza mwani mbichi, wakakikaza, wakakifukia kwenye mchanga wenye joto la karibu nyuzi 600. Wakahesabu dakika moja, wakakitoa. Asilimia 65 ya mwani ilikwisha kuwa mafuta.