Ngoma Uipendayo na Jina Upewalo

Miongoni mwa mizani ambazo watu huzitumia kupimana, hapana iliyo nyepesi kushikwa kama ile ya muziki. Mtu akisikiwa akifuatiliza wimbo fulani, jirani zake huwa wamekwisha kumjua: atokako, kisomo chake, hata malezi aliyopewa na mamaye. Twapenda kuuliza kama mizani hiyo ni ya haki.

Desturi yenyewe si ya jana. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ngoma ya beni ilienea katika miji ya Tanganyika, nayo ilikuwa na vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Katika Dar es Salaam, kwa jumla, Marini walikuwa makarani, mafundi na wenyeji wa pwani. Arinoti walikuwa vibarua na wachukuzi waliotoka bara. Kumwuliza mtu achezako kulikuwa ni kumwuliza yeye ni nani. Na kichekesho ni kwamba vyama vyote viwili viliigiza gwaride lile lile la majeshi ya Kizungu.

Gwaride hilo lina somo kubwa. Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, alipoitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wasomi wetu walizijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za nchi yao, na kati ya ngoma alizozitaja ni mganda. Sikitiko lile lilikuwa la haki, maana ukoloni ulikuwa umetufundisha kuona haya. Lakini mganda, uchezwao na watu wa Ziwa Nyasa, ni mtoto wa beni. Kilichoigwa kwa askari wa kigeni kilikuwa kimekuwa chetu, wala hakuna aliyekitakasa ila miguu ya wachezaji.

Tukilikumbuka hilo, twaweza kuutazama upya mwezi Novemba 1969, muziki wa Wamarekani weusi uitwao soul ulipopigwa marufuku Dar es Salaam. Waliokataza waliona utumwa wa mawazo. Vijana wengi waliocheza waliwaona watu weusi wenzao wakijivunia ngozi yao. Wimbo ulikuwa mmoja. Mawazo yaliyopachikwa juu yake yalikuwa mawili, na la mwenye amri ndilo lililoshinda.

Taarabu nayo imepewa hukumu mbili zinazopingana. Unguja, mwanzoni mwa karne iliyopita, ilikuwa alama ya ungwana, ikiimbwa kwa Kiarabu katika kasri ya Sultani. Akatokea Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akichuuza vyungu, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa katika santuri huko Bombay. Leo mtu akiipenda taarabu, hasa hii ya mipasho, huitwa mtu wa vibarazani, mvivu na mpenda umbeya. Je, ni tabia ya msikilizaji iliyogeuka, au ni cheo cha waliomzunguka?

Hatusemi kwamba nyimbo zote ni sawa. Nyingi za singeli tuzisikiazo zina vina vya kulazimisha na maneno yakimbiayo kuliko maana, na mhakiki ana haki ya kusema hivyo. Lakini hayo ni makosa ya wimbo. Kumwita mhuni kijana wa Manzese kwa sababu aupenda ni kuacha uhakiki na kuingia usengenyaji.

Tulipokuwa shule ya bweni, katika miaka ya themanini, alikuwako mwenzetu mmoja wa bara aliyependa taarabu. Tulimcheka, tukamwita Mswahili, na neno hilo halikuwa sifa. Usiku aliifungulia redio yake ndogo ya kaseti chini ya blanketi, nasi wa kitanda cha jirani tukajifanya tumelala. Huko ndiko tulikosikia kwa mara ya kwanza jinsi kina cha kati kinavyomngoja mwenzake wa mwisho. Darasani tulikuwa tumevihesabu tu. Mwalimu wa zamu alipoikamata kaseti ile alisema kijana apendaye mambo hayo hatafika mbali. Darasa zima lilicheka, na sisi tulicheka kwa sauti kuliko wengine. Kaseti haikurudishwa.