Kielelezo, Mfano na Nyayo: Lugha ya Kumfunza Mtoto Kumfuata Yesu

Mtoto wa shule ya Jumapili mjini Kitale au Bungoma hufunzwa kumfuata Yesu kwa maneno matatu: mfano, kielelezo na nyayo. Walimu aghalabu huyatumia kana kwamba ni visawe. Makala haya yanadai kwamba si visawe, na kwamba kule kuyachanganya kumelipotosha fundisho lenyewe.

Neno mfano ndilo lipendwalo zaidi, nalo ndilo lililoelemewa zaidi. Katika Biblia mtoto hukuta hadithi ya mpanzi ikiitwa mfano, kisha akasikia kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Watafsiri wa Habari Njema, kwa kutaka lugha nyepesi, wakalitwika mzigo wa tatu: palipokuwa na kielelezo katika Union Version ya 1952, yaani Yohana 13:15 na 1 Petro 2:21, wao waliweka mfano. Mtoto wa miaka saba aambiwaye kuwa Yesu ni mfano wetu ana haki ya kuuliza kama Yesu naye ni hadithi.

Kielelezo kina nasaba nyingine. Shina lake ni elea, kuwa wazi akilini. Na kueleleza, pamoja na kufafanua, ni kufuatisha umbo lililowekwa mbele ya macho. Hapa Kiswahili kimekaribia sana Kiyunani cha Petro. Neno alilotumia, hypogrammos, halipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya, nalo lahusu hasa mwandiko wa mwalimu ambao mtoto huufuatisha anapojifunza herufi. Kwa hiyo taswira ile tangu awali ni ya darasani. Yeyote aliyefundisha darasa la kwanza ajua kwamba watoto arobaini wakifuatisha herufi moja, hutokea herufi arobaini zisizofanana, na kila moja imetoka katika mkono wa mwenyewe.

Nyayo ni habari nyingine kabisa. Neno limo katika aya hiyo hiyo ya Petro, lakini nchini Kenya halikubaki Biblia peke yake. Rais Moi aliposhika madaraka mwaka 1978 alitangaza kwamba atafuata nyayo za Kenyatta. Mwaka uliofuata maziwa yakaanza kugawiwa shuleni, na watoto wakayaita maziwa ya Nyayo. Kwa kizazi kizima cha Trans Nzoia na Bungoma, kufuata nyayo kulikuwa kumfuata mtawala pasipo kuuliza aendako. Utawala huo ulikoma mwaka 2002, lakini watoto wale ndio wazazi na walimu wa leo, na yamkini sauti ya gwaride ingali inasikika katika masomo yao ya Jumapili.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni jinsi Luka 2:41-52 inavyofundishwa. Hiki ndicho kisa pekee katika Injili zote nne kinachomwonyesha Yesu akisema na kutenda akiwa mtoto. Somo la kawaida hurukia aya ya 51, alipokuwa akiwatii wazazi wake, na hapo orodha ya wajibu huanza: tii, nyamaza, chota maji. Aya ya 46 husomwa haraka kama kionjo cha safari. Hali humo mvulana wa miaka kumi na miwili ameketi katikati ya waalimu, anawasikiliza na kuwauliza maswali. Kama Yesu ni kielelezo cha mtoto, basi maswali yake nayo ni sehemu ya mwandiko. Sisemi utii ufutwe. Luka mwenyewe hakuufuta. Ninalopinga ni kusoma nusu ya ukurasa.

Yohana 13 hugeuzwa vivyo hivyo. Mtoto huambiwa awatumikie wakubwa kama Yesu alivyotumikia, ilhali katika sura ile aliyeinama ni Mwalimu, na waliooshwa miguu ni wanafunzi. Bungoma jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya Waquaker, waliofungua misheni Kaimosi mwaka 1902 na kuenea hadi huko. Wao hawabatizi kwa maji wala hawashiriki mkate na divai. Hawana ibada ambamo sura hiyo ingeweza kuhifadhiwa kama desturi ya siku moja. Kilichobaki ni kutenda tu, na kwa mujibu wa maandishi anayepaswa kuanza ni mwalimu.

Wapo watakaosema kwamba kielelezo ni neno gumu kwa watoto. Hoja hii haina nguvu. Kila mwalimu aliyepitia chuo cha ualimu amefunzwa kuandaa vielelezo: picha, ramani, vibuyu, mabua ya mahindi. Jumatatu huvitundika ukutani na watoto huvigusa na kuvichora. Sioni kwa nini neno hilo hilo liwe zito mno kwao siku moja kabla.