Subira ya Mahamat-Saleh Haroun

Redio inatangaza msamaha. Waliotenda maovu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe wamesamehewa wote, hakuna atakayeshtakiwa. Mzee kipofu, Gumar Abatcha, anasikiliza pamoja na mjukuu wake Atim, kijana wa miaka 16. Mara nje zinalia risasi, watu wanapiga mayowe. Atim anapotoka barabarani hakuti mtu. Anakuta viatu tu, makubazi na ndara zimetapakaa mchangani, zimeachwa na watu waliotimua mbio.

Ndivyo inavyoanza Daratt, yaani Kiangazi, filamu ya mwaka 2006 iliyoongozwa na Mahamat-Saleh Haroun wa Chad. Mwongozaji mwingine angetuonyesha bunduki, damu na umati ukikanyagana. Haroun anatupa sauti, kisha anatupa viatu. Kwa dakika chache hizo tunajua kwamba tangazo la redioni halikumtuliza mtu yeyote. Mzee analifahamu hilo kuliko wote. Anampa mjukuu bastola iliyokuwa ya baba yake na kumtuma N'Djamena akamuue mtu aitwaye Nassara. Huyo ndiye aliyemuua mwanawe kabla Atim hajazaliwa, na ndiyo sababu kijana akapewa jina hilo, lenye maana ya yatima.

Haroun anaijua ardhi anayoikanyaga. Alizaliwa Abéché mwaka 1961, nchi yake ikaingia vitani angali mtoto mdogo, na vita hivyo ndivyo vilivyomtoa Chad akiwa kijana aliyejeruhiwa, hatimaye akafika Ufaransa. Kati ya mwaka 1982 na 1990 Chad ilitawaliwa na Hissène Habré, ambaye polisi wake wa siri walikamata, walitesa na kuua. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 1992 ilikadiria kwamba waliouawa ni watu 40,000. Habré alipoangushwa, wengi wa waliomtumikia walibaki kazini serikalini. Mtu aliweza kukutana sokoni na yule aliyemtesa, naye akamsalimu. Katika filamu Haroun hamtaji Habré hata mara moja, wala hasemi Nassara alipigania upande upi. Nadhani alifanya vyema. Angeutaja upande, nusu ya watazamaji wa kwao wangeshaamua nani ana haki kabla Atim hajapanda gari.

Kazi yenyewe ilitoka mbali. Mwaka 2006 jiji la Vienna liliadhimisha miaka 250 tangu kuzaliwa kwa Mozart, na Peter Sellars, mwongozaji wa Kimarekani, akawaomba wasanii wa mabara mbalimbali waanzishe kazi mpya kutokana na mawazo ya miaka ya mwisho ya mtunzi huyo. Haroun akachukua wazo la opera La clemenza di Tito, inayohusu mtawala anayewasamehe waliotaka kumwangamiza. Yeye akaligeuza kichwa chini. Kwake msamaha hautolewi na mfalme. Msamaha wa wakubwa umekwisha kutolewa redioni na umeshindwa. Uliobaki ni wa kijana asiye na cheo wala mali, ila bastola mfukoni.

Atim anamkuta Nassara, na Nassara ni mwoka mikate. Anakwenda msikitini. Kila siku anagawa mikate ya bure kwa watoto maskini wanaomngoja langoni. Atim anapopewa wa kwake anaung'ata, kisha anautema. Siku nyingine anarudi, na safari hii anapewa kazi. Basi hapa, pale tunapongoja risasi, Haroun anafanya jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa ufundi wake: anatupeleka kazini.

Sehemu kubwa ya filamu hii ya saa moja na nusu ni kazi ya kuoka mikate. Unga unamiminwa, hamira inapimwa, donge linakandwa, linakatwa, linaviringishwa kuwa mikate mirefu ya Kifaransa ambayo watu wa N'Djamena huila, kisha inaingia tanurini. Nassara anamwonyesha kijana kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Kamera inatulia na kuwaacha wafanye. Hakuna muziki wa kutuambia tuhisi nini. Nyimbo za Wasis Diop zimetiwa kwa uchache mno. Kinachosikika ni donge likipigwa juu ya meza na pumzi za watu wawili wanaofanya kazi alfajiri.

Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba hapa filamu inakwenda polepole. Nawaomba waangalie tena. Katika kila onyesho la kukanda kuna swali lililofichwa: je, leo ataitoa bastola? Nassara anageuka mgongo, anainama, anaweka mikono yote miwili ndani ya unga. Kila mara yuko wazi kabisa mbele ya adui asiyemjua. Haroun hahitaji kuukaza uzi kwa muziki wala kwa kukatakata picha, kwa sababu kazi ya kuoka yenyewe inamlazimisha muuaji wa zamani kumpa mgongo mtoto wa aliyemuua. Huo ni uchaguzi wa mtu aliyeifikiria hadithi yake hadi kwenye kiungo cha mwisho. Angemfanya Nassara mwenye duka, wangetazamana ana kwa ana kwenye kaunta, na nusu ya hofu ingepotea.

Tena kazi inafanya jambo jingine ambalo hotuba isingeliweza. Atim anaanza kuijua. Mikono yake, iliyokuja kwa ajili ya kazi moja tu, inajifunza nyingine, na hakuna anayetamka kwamba anabadilika. Uso wa Ali Barkai, anayecheza Atim, unabaki umekunjwa karibu filamu nzima. Macho yake ni makali na mdomo umefungwa. Tunayaona mabadiliko kwenye vidole na mabega. Chuki imebaki usoni wakati mwili umekwisha kuzoea nyumba ile. Waigizaji wachache wangekubali kunyimwa machozi na tabasamu kwa muda mrefu hivyo, na waongozaji wachache wangethubutu kuwanyima. Haroun pia hafanyi mkate kuwa mfano wa kitu kingine. Hauinui mbele ya kamera ili tuseme hii ni amani. Mkate ni mkate, unauzwa, na mshindani anapoingia mtaani unabaki bila wanunuzi, mwenyewe akawa na wasiwasi wa riziki kama mfanyabiashara yeyote.

Youssouf Djaoro, anayecheza Nassara, ana mzigo mwingine. Mtu huyu alikatwa koo vitani. Shingo yake imezungushiwa kitambaa, na anapotaka kusema anabandika kifaa kidogo kooni, ndipo inapotoka sauti kavu ya mtambo. Ni mtu mkubwa wa mwili, mwenye uso mzito, ambaye kila neno linamgharimu. Hapo Haroun ametatua tatizo linalowashinda wengi. Filamu za namna hii hufikia mahali muuaji anaketi na kukiri, anatoa maelezo marefu, analia, na mtazamaji anaombwa ampime kwa ufasaha wake. Nassara hana ufasaha. Ikiwa ana majuto, hayatoki kwa hotuba. Tunapaswa kuyatafuta kwenye mikate ya watoto wale, nasi hatupewi hakika kama ni toba au ni desturi tu ya mcha Mungu. Koo lile pia linatukumbusha kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulala chini akingoja kufa. Halimsafishi. Linaonyesha tu kwamba katika vita vile damu haikutoka upande mmoja.

Mpiga picha, Abraham Haile Biru, anawatazama wote kwa umbali wa heshima. Kamera haiwarukii usoni hasira inapopanda. Inakaa pale ambapo jirani mwenye adabu angekaa, anaona kila kitu na haingilii. Nje kuna mwanga mkali na kuta za rangi ya vumbi, na ndani, penye tanuri, kuna kiza chenye joto. Anayetaka kujua namna ya kupiga picha kiangazi bila kukipamba aanzie hapo.

Nina lawama moja. Aïcha, mke kijana wa Nassara, anayechezwa na Aziza Hisseine, anastahili nafasi kubwa kuliko aliyopewa. Anaingia na ucheshi na ujana, baina yake na Atim kunachipuka ukaribu, kisha mimba yake inaharibika, na huzuni hiyo inapita haraka kuelekea kwa mumewe. Kwa sababu ya mtoto aliyepotea ndipo Nassara anapomwomba Atim awe mwanawe. Hadithi inauhitaji msiba ule, ila aliyeubeba mwilini haulizwi neno.

Sasa nafika mwishoni, na asiyetaka kuambiwa aruke aya tatu. Nassara anataka kwenda kuonana na baba wa Atim, anayedhani yu hai, amwombe ridhaa ya kumlea kijana. Atim anakubali kumpeleka. Wanasafiri hadi jangwani, na anayewangoja ni babu kipofu. Hapo Nassara anaelewa. Mzee anaamuru hukumu itekelezwe. Atim anamlaza Nassara chini, anainua bastola, na anafyatua hewani. Mzee anasikia. Anamuuliza mjukuu kama mkono wake ulitetemeka, naye anajibu kwamba haukutetemeka. Kisha babu na mjukuu wanaondoka, na mtu aliyelala mchangani yu hai.

Upofu wa mzee ulikuwa mbele yetu tangu mwanzo, nasi tukaudhani kuwa uzee tu. Haroun aliuweka bila kuukazia, kisha akaja kuujengea mwisho wake wote. Zaidi ya hapo, alikwisha kutufunza kuuelewa. Risasi za mwanzo tulizisikia bila kuziona, tukaamini mara moja kwamba watu wamekufa. Tulikuwa mahali pa mzee. Sasa mzee anasikia bila kuona, naye anaamini, ila safari hii sisi tunaona. Ni muundo uliofungwa barabara kiasi kwamba sijawahi kupata uzi uliolegea ndani yake.

Wako wanaoona huu ni ujanja unaokwepa swali. Mimi naona umelikabili kwa ukweli kuliko filamu nyingi za upatanisho. Hakuna kukumbatiana. Nassara hasikii neno samahani wala hasemi. Msamaha umepatikana kwa uongo alioambiwa mzee mpendwa, na Haroun haufichi uongo huo. Atim amebeba vitu viwili kwa mara moja, uhai wa adui na heshima ya babu, na hakuwa na njia ya kuvitunza vyote akisema kweli. Mzee amepata alichokihitaji, yaani kujua kwamba damu ya mwanawe haikupuuzwa. Kijana atakaa na siri hiyo maisha yake yote.

Daratt ilipata tuzo maalumu ya majaji katika tamasha la Venice mwaka 2006. Wengine wakaisifu kama filamu ya kusahau yaliyopita, na hapo walimwelewa Haroun vibaya. Miaka 10 baadaye, Mei 2016, Haroun alikuwa Cannes na filamu ya hali halisi kuhusu Hissène Habré, akiwafuata manusura, wakiongozwa na Clément Abaïfouta, ambaye gerezani alilazimishwa kuwazika wafungwa wenzake. Ndani yake mtesaji na aliyeteswa wanakutanishwa, na watu wanaonyesha makovu yao. Mwezi huohuo, tarehe 30, mahakama maalumu ya Afrika iliyoketi Dakar ilimhukumu Habré kifungo cha maisha. Msanii aliyempa Atim nguvu ya kutoua ndiye huyohuyo aliyesimama na waliodai kesi kwa zaidi ya miaka 20. Kwake mambo hayo mawili hayakugombana.

Ningependa matamasha yetu, likiwamo la Zanzibar, yazionyeshe filamu hizi mbili siku moja, Daratt ikitangulia, na watazamaji wapewe muda wa kutosha wa kuzungumza baadaye. Na vijana wanaojifunza kuongoza filamu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala waitazame Daratt zaidi ya mara moja, wakiwa na daftari mkononi.