Nani Yuko Majini? Mahali pa Msimulizi katika Hadithi za Nyambizi

Msomaji wa Butembo au wa Beni ana haki ya kuuliza uhakiki wa hadithi za nyambizi unamhusu nini. Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake, na maji makubwa yaliyo karibu naye ni ya Ziwa Edward, ambako wavuvi wa Kyavinyonge huhofia dhoruba na viboko, si makombora. Hata hivyo Kongo iliguswa na chombo hiki. Tarehe 24 Desemba 1944, nyambizi ya Kijerumani U-486 iliipiga meli ya Kibelgiji Léopoldville karibu na bandari ya Cherbourg, Ufaransa. Meli hiyo, ambayo kabla ya vita ilisafiri kati ya Antwerpen na Kongo, ilikuwa imebeba askari wa Marekani zaidi ya 2,200, na wapatao 760 kati yao walikufa. Miongoni mwa mabaharia wake walikuwamo Wakongo. Tena, kikosi cha tiba kutoka Kongo ya Wabelgiji kilihudumu Madagaska, na baadaye Burma; wauguzi hao walivuka bahari ambayo nyambizi za Kijapani zilikuwa zikiiwinda.

Kwa hiyo swali si kama bara limehusika. Swali ni hili: habari hizo zinapogeuzwa kuwa hadithi, msimulizi husimama wapi? Makala haya yanadai kwamba hadithi za nyambizi zinazojulikana sana zimesimuliwa kutoka mahali pawili tu, na kwamba mahali pa tatu, ambapo Waafrika wengi walikufa, pamebaki bila sauti ya kutosha.

Ni vema kuanza na neno lenyewe. Kiswahili kilikuwa na manowari, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, kwa maana ya meli ya vita. Manowari huonekana. Anayeshambulia na anayeshambuliwa hutazamana, na mtu wa pwani huweza kuhesabu milingoti na mizinga kabla ya kukimbia. Nyambizi ni neno la chombo kisichoonekana. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya shule kwa mwanafunzi wa Butembo, husema sous-marin, yaani kilicho chini ya bahari. Jina hilo hueleza mahali pa chombo, wala haligusi walio juu yake. Upungufu huo wa jina ndio upungufu wa hadithi nyingi.

Historia inathibitisha mageuzi hayo ya kuona. Tarehe 22 Septemba 1914, nyambizi moja ya Kijerumani, U-9, ilizamisha manowari tatu za Kiingereza, Aboukir, Hogue na Cressy, kwa muda usiofikia saa mbili. Watu zaidi ya 1,400 walikufa. Meli ya pili na ya tatu zilisimama kuwaokoa wa kwanza, na kusimama kwao ndiko kulikoziangamiza. Tangu siku hiyo huruma baharini iliingia hatarini, na msanii wa vita vya majini alipata tatizo jipya: amsimulie anayeona bila kuonekana, au anayekufa bila kuona?

Mahali pa kwanza pa usimulizi ni ndani ya nyambizi. Mfano mashuhuri ni riwaya ya Lothar-Günther Buchheim, Das Boot, iliyotolewa mwaka 1973 na kufanywa filamu mwaka 1981. Buchheim alisafiri katika nyambizi U-96 mwaka 1941 akiwa mwandishi wa vita, na ujuzi huo unaonekana katika kila kipengele cha fani: jasho, kutu, hofu ya mabaharia wanaosikiliza milio ya mabomu juu ya vichwa vyao. Dhamira yake si kutukuza vita. Katika filamu mna onyesho ambalo mhakiki hana budi kulitaja kwa haki: meli iliyopigwa inaungua, watu waliodhaniwa kuwa wamekwisha okolewa wanajitupa majini na kuogelea kuielekea nyambizi, naye nahodha anaamuru chombo kirudi nyuma. Mabaharia wanafadhaika. Lakini fadhaa inayochorwa ni ya kwao. Waogeleaji ni vivuli vyenye makelele. Hawana majina, hawana nyumba walikotoka. Mtazamaji anatoka akiwahurumia waliotazama.

Mahali pa pili ni juu, penye usukani wa manowari inayowinda nyambizi. Nicholas Monsarrat, aliyetumikia jeshi la majini la Uingereza, aliandika The Cruel Sea mwaka 1951, na filamu yake ikatolewa mwaka 1953. Kilele chake cha kimaadili kinajulikana. Chombo cha kusikilizia kinaonyesha kwamba nyambizi iko chini ya maji, palepale wanapoelea watu wa meli iliyozama. Nahodha Ericson anaamua kutupa mabomu ya kina. Wanaoelea wanauawa na wale waliodhaniwa kuja kuwaokoa, na wala hakuna hakika kwamba nyambizi ilikuwapo. Monsarrat ameandika tukio hili kwa uaminifu mkubwa, bila kumtafutia nahodha wake udhuru. Hata hivyo, uzito wote unawekwa moyoni mwa anayeamuru. Msiba wa walio majini umekuwa mtihani wa dhamiri ya mtu mwingine.

Lau tukio hilo lingekuwa la kubuni tu, mjadala ungeweza kuishia katika fani. Lakini Afrika Mashariki ina tukio lake halisi linalofanana nalo. Mwanzoni mwa Februari 1944, msafara wa meli tano za askari uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Ndani ya meli ya Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wengine wa majeshi. Tarehe 12 Februari, kusini-magharibi mwa Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, yaani makombora yaendayo ndani ya maji. Meli ilizama katika muda usiozidi dakika tatu. Askari waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi.

Manowari Petard na Paladin ziligeuka kuiwinda nyambizi. Iliaminika kuwa imejificha chini ya watu walioelea, na mabomu ya kina yakatupwa wakati wahanga wangali majini. Hatimaye I-27 iliibuka na kuzamishwa kwa topido ya Petard. Waliokufa katika Khedive Ismail ni 1,297, wakiwamo wanawake 77. Walionusurika ni wanaume 208 na wanawake sita. Majina ya askari Waafrika yamo katika mnara wa ukumbusho uliomo makaburi ya vita ya Nairobi, kwa kuwa bahari haina kaburi.

Tofauti kati ya riwaya na tukio hili ni ya kutafakariwa. Katika riwaya, msomaji analijua jina la nahodha na usingizi wake uliopotea. Katika tukio, wengi wa waliokuwa majini walikuwa watu wa vijiji vya bara, ambao huenda hawakuwahi kuogelea penye kina. Lugha iliyowaunganisha katika jeshi ilikuwa Kiswahili. Basi yale yaliyosemwa katika dakika zile tatu, kwa sehemu kubwa, yalisemwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo mahali pa tatu pa usimulizi: majini.

Mtu anaweza kupinga kwamba mwandishi hulaumiwa kwa alichokiandika, si kwa alichokiacha. Buchheim alikaa ndani ya nyambizi, Monsarrat juu ya manowari, na kila mmoja alishuhudia alichokiona. Pingamizi hilo lina nguvu, na linatosha kuwaondolea lawama waandishi wale wawili. Haliwaondolei wajibu wahakiki. Kazi ya uhakiki ni kusema wazi hadithi inatazama kutoka wapi, ili msomaji asichukue dirisha moja akalidhania kuwa nyumba nzima.

Tena, fasihi ya Kiswahili haikosi mifano ya kuigwa. Hemedi bin Abdallah el Buhriy, katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, alisimulia vita vya mwaka 1888 na 1889 kutoka upande wa pwani iliyovamiwa. Manowari katika kazi yake ni kitu kinachotazamwa na wale kinaowajia. Naye Shaaban Robert, karani wa serikali ambaye hakupigana, alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapwa mwaka 1967, akavieleza vita vya 1939 hata 1945 kwa maelfu ya beti. Kazi ya kwanza inafundisha kwamba Kiswahili kinaweza kusimama upande wa mlengwa. Ya pili inafundisha kwamba umbali wa mtunzi si kizuizi, maadamu amejibidiisha kujua. Kwa hiyo mwanafunzi wa Butembo ambaye hajapata kuiona bahari hana sababu ya kudhani kwamba mada hii imefungwa kwake.

Kwa hakika yeye anaweza kuielewa kuliko wengi. Tangu Oktoba 2014, raia wa eneo la Beni wamekuwa wakiuawa na watu wanaotoka msituni na kurudi msituni bila kuonekana. Habari zao husomwa redioni kwa tarakimu, na kesho yake kwa tarakimu nyingine. Jamaa za wafu ndio wanaojua majina. Anayeuawa na asiyemwona, na baadaye akasimuliwa na asiyemjua, amekufa kifo kinachofanana na cha askari wa mizinga wa Khedive Ismail, ingawa huyu alifia penye maji na yule shambani mwake.

Ndiyo maana hadithi za nyambizi zastahili kusomwa katika madarasa ya Kiswahili ya nyanda hizi, na kusomwa kwa swali moja mkononi kuanzia ukurasa wa kwanza: nani yuko majini, na jina lake ni nani? Kazi isiyoweza kulijibu yaweza kuwa kazi nzuri. Lakini haijamaliza kuisimulia vita yake, na kuimalizia ni kazi ya wale ambao lugha yao ilisikika mwisho juu ya maji yale.