Kupe, Matope na Kitabu cha Wangari Maathai

Maji ya mto Tana yafikapo nchi ya Kilelengwani, karibu na Kipini yanapoingia baharini, yamekwisha kusafiri kilomita zipatazo 1,000, na rangi yake ni ya udongo. Mkulima wa mpunga huyapenda matope hayo, maana ndiyo mbolea ya shamba lake. Mfugaji naye huyatazama kwa hesabu nyingine, kwa kuwa ng'ombe wake hungoja majani yaotayo mafuriko yakiisha kupungua. Ni wachache wanaouliza udongo huo umetoka katika shamba la nani. Kabla bwawa la Masinga halijamalizika mwaka 1981 na kuanza kuyanasa mengi ya matope ya juu, sehemu moja ya udongo huo ilitoka katika vijito vya Nyandarua. Kimoja cha vijito hivyo ni Gura, kipitacho karibu na kijiji cha Ihithe katika nchi ya Nyeri. Hapo Ihithe, tarehe 1 Aprili 1940, alizaliwa mwanamke ambaye kitabu chake nataka kukijadili.

Kitabu chenyewe chaitwa Unbowed, jina tuwezalo kulifasiri kuwa Asiyeinama, nacho kilipigwa chapa mwaka 2006. Mtungaji ni Profesa Wangari Maathai, aliyefariki mwaka 2011. Aghalabu wasomaji hukiendea kwa ajili ya Nishani ya Nobeli ya Amani aliyotunukiwa mwaka 2004, na kwa ajili ya mamilioni ya miti iliyopandwa na wanawake chini ya chama chake. Hawakosei. Lakini mimi nimekisoma mara mbili kwa haja nyingine, kukitazama kama habari za mwanasayansi wa chuo kikuu, na nimeona kwamba mwanasayansi huyo amesahauliwa na wasomaji wengi. Mahali pengine, nasikitika kusema, amesahauliwa na mtungaji mwenyewe.

Mwanzo wa kitabu ni mzuri kupita sehemu zake nyingine zote. Mtoto wa kike aenda kijitoni kuteka maji, aona mayai ya chura yang'aayo majini, ayadhania kuwa ni shanga, na kila ajaribupo kuyaokota ili ayavae shingoni yamvunjikia mikononi. Karibu na hapo upo mti wa mkuyu ambao mama yake amemkataza kuokota kuni zake, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Miaka mingi baadaye mtoto huyo, sasa mwenye shahada, arudi na kukuta mkuyu umekatwa na kijito kimekauka. Yeye hamalizi habari hiyo kwa kilio. Aeleza jinsi mizizi ya mkuyu inavyopenya chini sana hata kuyafikia maji, na jinsi maji yanavyopata njia ya kupanda juu kwa kuifuata. Mila ya wazee na elimu ya viumbe zinakutana katika ukurasa mmoja bila kutukanana. Mwandishi asiye na mafunzo ya sayansi asingaliweza kuuandika ukurasa huo, na mwanasayansi asiyewahi kuchota maji kwa mikono yake yamkini asingaliweza pia.

Habari za masomo zapita upesi: Loreto huko Limuru, kisha safari ya Marekani mwaka 1960 pamoja na vijana wengi wa Kenya waliopelekwa kwa ndege kusoma, kisha shahada ya elimu ya viumbe katika chuo cha Mount St. Scholastica huko Kansas mwaka 1964. Katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh alichunguza tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo wa kware wa Kijapani. Msomaji atacheka, na atauliza kware wa Kijapani wana faida gani kwa Mwafrika. Faida ilikuwa katika mikono: alijifunza kuikausha nyama ya kiumbe, kuikata vipande vyembamba kupita karatasi, kuitia rangi na kuisoma chini ya hadubini. Ujuzi huo ndio uliomwokoa baadaye.

Mwanzoni mwa mwaka 1966 alirejea Nairobi, mkononi ana barua ya kumwahidi kazi ya kumsaidia profesa wa elimu ya wanyama. Alipofika aliambiwa kwamba kazi imekwisha kupewa mtu mwingine. Mwenyewe aeleza kwamba aliona katika jambo hilo ukabila, na kwamba alishuku pia dharau kwa wanawake. Hapa mtungaji aandika kwa utulivu mkubwa, na utulivu huo wauma kuliko matusi. Laiti hadithi ingaliishia hapo, tusingalikuwa na kitabu. Ikatokea kwamba Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, alikuwa akiijenga idara mpya ya anatomia katika shule ya udaktari wa mifugo, na alihitaji mtu aliyejua kazi ya hadubini. Hakumwandikia Bibi Wangari hotuba ya kumsifu. Alimpa meza, vyombo na kazi, na mwaka 1967 njia ya kwenda Ujerumani kuendelea na utafiti ikafunguka.

Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa utafiti juu ya namna viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyokua. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata daraja hiyo. Maneno hayo "wa kwanza" yamerudiwa katika kila hotuba, na hapana ubaya katika kuyarudia. Pwani yetu haikuanza jana kumsifu mwanamke mwenye elimu: Mwana Kupona binti Msham wa Pate, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858, angali akitajwa kwa heshima. Walakini mtunzi wa utenzi aweza kuifanya kazi yake kwa wino, karatasi na kumbukumbu iliyojaa. Mwanasayansi hawezi. Yeye ahitaji maabara ya mtu mwingine, dawa za bei kubwa, nyumba iliyo karibu na kazi yake, na mshahara usiomfanya aombe ruhusa ya kula. Kumwita wa kwanza hakumpi hata kimoja cha vitu hivi.

Kwa hiyo mimi naona kwamba kurasa zenye thamani kubwa ni zile zielezazo masharti ya kazi chuoni, ingawa najua kuwa wanafunzi wengi huziruka. Wanaume walipewa nyumba, matibabu na malipo ya uzeeni kwa ukamilifu. Mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa mumewe atamtosheleza, hivyo alipewa pungufu. Profesa Maathai na mwenzake, Vertistine Mbaya, mtaalamu wa kemia ya viumbe, walilipinga jambo hilo. Walijaribu hata kukigeuza chama cha waalimu wa chuo kiwe chama cha wafanya kazi chenye haki ya kujadiliana; mahakama ilikataa, lakini baadaye mengi ya madai yao yalikubaliwa. Mtungaji hajifichi kwamba wanawake wengine waliogopa kuwafuata. Katika kurasa hizo chuo kikuu si mnara wa hekima; ni mahali pa kazi penye ankara, kodi ya nyumba na woga, kama mahali pengine popote.

Sasa nafika penye kupe. Katika miaka ya 1970 alifanya utafiti juu ya ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe, hasa wale wa kizungu walioletwa kwa ajili ya maziwa, nao huenezwa na kupe akaaye masikioni. Ilimpasa kwenda mashambani kuwaokota kupe hao kutoka masikio ya ng'ombe. Huko aliona ng'ombe waliokonda hata mbavu zahesabika, majani machache, watu wenye dalili za njaa, na mito iliyojaa matope mvua inyeshapo. Ndipo akatambua kwamba hatari kubwa kwa mifugo haikuwa kupe. Ilikuwa nchi yenyewe inayochakaa. Mwaka 1977 alianza kupanda miti pamoja na Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, kwa miti saba.

Watu husema kwamba aliiacha sayansi akaenda kwenye miti. Nawasihi wakirudie kitabu. Mtu asiyezoea kuuliza sababu angaliwaokota kupe wake akawatia chupani, akarudi mjini. Yeye alifanya alivyofundishwa: alitazama kitu kidogo, akamtazama mnyama aliyekibeba, akayatazama majani, kisha mto. Mazoea ya maabara ndiyo yaliyomfikisha kwenye mche wa kwanza.

Ila hapo hapo ndipo kitabu kinaponiudhi. Sehemu hiyo ya kupe ni fupi mno. Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye kwao ni huko delta na baba yake ni mfugaji, alikisoma kisha akaniuliza, "Mwalimu, mbona hakutuambia aliona nini katika hadubini?" Sikuwa na jibu. Tumeelezwa vizuri jinsi alivyokataliwa kazi, jinsi ndoa yake ilivyovunjwa mahakamani, jinsi alivyopigwa na askari. Lakini kuhusu furaha ya kugundua, ile saa ambapo kipande cha nyama kilichotiwa rangi kinakuonyesha jambo ambalo hujaliona, hatupati ila sentensi chache. Nafahamu sababu zake. Mtungaji aliandika akiwa amekwisha kuwa mtu wa dunia nzima, na wasomaji wa dunia walitaka miti. Hata hivyo msichana anayetaka kujua kama sayansi ni kazi ya kupendeza atakifunga kitabu akijua maumivu yake kuliko utamu wake. Hilo ni pungufu, na sioni haja ya kulifunika kwa adabu.

Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee kiti cha Bunge. Jina lake likakataliwa kwa hoja ya uandikishaji wa wapiga kura, na alipoomba arudishwe kazini chuo kilikataa. Baada ya miaka 16 ya kufundisha, tena akiwa amekwisha kushika uongozi wa idara, alitakiwa pia aihame nyumba ya chuo. Miaka mingi baadaye chuo hicho hicho kilianzisha taasisi yenye jina lake, inayofundisha mambo ya amani na mazingira. Pengine msomaji ataona kuwa deni limelipwa. Mimi nashindwa kukubali kwa moyo wote. Yako mazoea, wala si ya Kenya peke yake, ya kumtunukia mwanamke mtaalamu akiisha kuvuka mto, ilhali alipokuwa katikati ya mkondo hapakuwa na aliyemrushia kamba. Shirika la UNESCO na kampuni ya L'Oréal hutoa zawadi tangu 1998 kwa wanawake wa sayansi, na mwaka 2014 Segenet Kelemu wa Ethiopia alikuwa miongoni mwao. Alistahili kabisa. Lakini zawadi kubwa kama hiyo yamfikia mtu ambaye kwake swali la meza na hadubini lilikwisha kujibiwa zamani.

Wako watakaonipinga wakisema: kama chuo kisingalimfungia mlango, taifa lisingalipata miti yake. Hoja hiyo yafanana na kumshukuru mwizi kwa kuwa aliyeibiwa alijifunza biashara mpya. Isitoshe, miti ilianza 1977, wakati yungali mwalimu wa chuo. Hatujui wanafunzi wangapi wa anatomia walimkosa baada ya 1982.

Msomaji wa Kilelengwani ana haki ya kuuliza mambo haya yamhusu nini. Mto wa Tana umekwisha kuchunguzwa na wanawake wa sayansi, tena hodari. Katika miaka ya 1970 Katherine Homewood kutoka Uingereza aliwachunguza mangabei wa Tana, nyani wasiopatikana mahali pengine duniani. Katika miaka ya 1980 Francine Hughes wa Cambridge alichunguza jinsi misitu ya ukingoni inavyotegemea mafuriko. Naye Margaret Kinnaird, Mmarekani, akaendelea na habari za mangabei. Kazi zao zaheshimika. Ila walikuwa wageni, na binti wa delta aliyewaona wakipita yamkini alidhani kuuliza maswali juu ya mto ni kazi ya watu watokao mbali. Na maswali yako tele. Mabwawa ya juu yamebadilisha mafuriko kiasi gani? Chumvi ya bahari imepanda mtoni hadi wapi? Majani ya malisho yatosha ng'ombe wangapi mwaka wa ukame? Mwaka 2012 wakulima na wafugaji wa delta walipigana, na mwezi wa Septemba damu nyingi ilimwagika Kilelengwani yenyewe. Ugomvi huo ulikuwa na mambo mengi ndani yake, ya siasa na ya ardhi, lakini maji na malisho yalikuwamo, navyo ni vitu vinavyopimika.

Kwa hiyo mwalimu atakayekipeleka kitabu hiki darasani katika nchi hiyo ningemshauri asianze na Nobeli. Aanze na mayai ya chura, kisha aruke mpaka kwenye kupe, awaache wanafunzi wasome kwa sauti habari za mito yenye matope, halafu awaulize mito hiyo huishia wapi. Yule msichana aliyeniuliza juu ya hadubini hakungoja kuulizwa. Alisema kwao wanayatia maji ya Tana mtungini usiku kucha ili yatulie, na kila asubuhi yeye ndiye anayeusugua udongo uliobaki chini.