Ukuta wa Kaskazini wa Urnes

Kanisa la Urnes, kijijini juu ya ghuba ya Lustrafjord nchini Norwe, lilijengwa kwa mbao katika miaka ya 1130, lakini nakshi zinazolipa sifa ni kongwe kuliko jengo lenyewe. Zilichongwa yapata mwaka 1070 kwa ajili ya kanisa lililotangulia, kisha mafundi wakazihamishia ukuta wa kaskazini wa jengo jipya. Tangu 1979 kanisa hili limo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kushoto kwa mlango amesimama mnyama wa miguu minne, mwembamba, shingo imepinda. Anamng'ata nyoka, na nyoka anamng'ata yeye. Kuzunguka mlango mzima viumbe wengine wanapanda, wanapindana, wanarudi chini. Fundi alitumia mistari ya aina mbili tu, mmoja mpana kama mkono na mwingine mwembamba kama uzi, na uzuri wote unatokana na jinsi mpana unavyopungua taratibu hadi kuukaribia mwembamba. Jaribu kufuata mwili mmoja kwa macho: unapita juu ya mwenzake, unapita chini ya wa tatu, na kabla hujafika mkiani umeshahamia kwa mwingine bila kujua. Amechimba mbao kwa kina, hivyo kivuli kinafanya kazi ya rangi.

Wapo wanaosema mnyama yule ni simba, na simba ni Kristo anayemshinda shetani. Wengine huona humo mwisho wa dunia katika imani za kale za Skandinavia. Maelezo ya kwanza yanapendeza mimbarini, ila mbao zenyewe hazikubaliani nayo. Mshindi huhitaji nafasi ya kusimama peke yake, na hapa hakuna aliyepewa. Anayeuma anaumwa, kwa unene uleule wa mstari na mpindo uleule. Kama fundi alikusudia ushindi, patasi yake ilisema jambo jingine, nami naiamini patasi.

Ndani, mambo hubadilika ghafla. Nguzo za mbao zimechongwa mviringo na kuvikwa vichwa vya mraba, kwa kuiga makanisa ya mawe ya Ulaya ya wakati huo. Juu ya vichwa hivyo wamo simba, ndege na mazimwi, kila mmoja amefungiwa katika uso wake wa mbao, amejikunja ili atoshe. Kazi ni safi, na bado naiona baridi kidogo: mchongaji ameanza na umbo la mraba, ndipo akatafuta kiumbe wa kulijaza. Yule wa nje alimwacha mnyama aamue mlango uwe na umbo gani.